Bwana Tilney Anaiteka Nyumba Yake

Mnauliza vita vilianzaje. Mimi sijui. Mimi nilikuwa natunza farasi wa Bwana Tilney, mbunge wetu hapa Herefordshire, mtu mwema, ila akianza kusema hamalizi. Alikwenda London bungeni, wakagombana na Mfalme, basi tena. Lakini sikilizeni: hao wa Bunge walikuwa wanampiga Mfalme kwa jina la Mfalme. Eti amepotoshwa na washauri, kwa hiyo wanampiga wamwokoe. Msiniulize.

Sasa huko bungeni Bwana Tilney akatoa hoja: nyumba yoyote itakayowafungia mlango askari wa Bunge, mwenye nyumba asiposalimu amri kabla ya kengele ya saa sita, ibomolewe kwa mzinga. Wakaipitisha, na mgongo wakampigapiga.

Nyumba ya kwanza kufunga mlango ikawa yake.

Mkewe, Bi Lettice, alikuwa upande wa Mfalme, yeye na masufuria yake. Na sisi wa zizini tulikuwamo ndani. Tukaona mzinga unakokotwa na ng'ombe katikati ya mitofaa, Kapteni Pask mbele, Bwana Tilney nyuma anainua matawi yasivunjike.

"Fungueni kwa jina la Mfalme," akasema kapteni. Askari wote wakavua kofia, maana Mfalme katajwa.

Bi Lettice akatoa kichwa dirishani. "Na sisi tumefunga kwa jina lake huyo huyo. Tumsikilize yupi?"

Kapteni akamtazama mbunge. Mbunge akatazama buti zake.

"Mke wangu, salimu amri tu, mama. Ni neno moja. Nyumba ya baba yangu hii."

"Nisalimu amri kwako wewe? Uliyeaga unakwenda London wiki mbili? Halafu sheria yako inasema mwenye nyumba. Mwenye nyumba nani?"

Bwana Tilney akakuna shingo. "Mimi."

"Basi ingia usalimu. Pitia jikoni. Buti uache nje."

Kapteni Pask, mtu wa sheria yule, akafikiri. "Yuko sawa, mheshimiwa. Lakini ukiwa humo ndani wewe adui. Huku nje nani atapokea?"

"Mimi, kwa niaba ya Bunge."

"Haya, kimbia."

Nikamfungulia mlango wa jikoni. Akapanda ngazi na soksi tu, akatoa kichwa dirishani: "Nasalimu amri." Akashuka mbio, akapita kwenye tope la bata, akasimama kando ya mzinga anahema: "Nimepokea."

"Kwa jina la nani?" akauliza kapteni.

Na kengele nayo ikaanza kulia. Mpiga mzinga akasogeza utambi wa moto.

"La Mfalme, jamani, la Mfalme."

Mpiga mzinga akavua kofia kwa mkono ule ule wenye utambi. Utambi ukaanguka topeni, ukazima. Nyumba ikapona, mnaiona ile.

"Sasa mheshimiwa, uliyesalimu ni mateka, na mateka lazima alindwe," akasema kapteni.

"Ufunguo ninao mimi," akasema Bi Lettice. "Na miguu aoshe kwanza."

Bunge likatuma watu kumwita. Bwana Tilney akawapokea kwa adabu, mdomo umejaa mkate na jibini, akasema anasikitika sana, yeye ni mateka, na aliyemteka bado hajaamua kumwachia.