Baba Yake Bibi Alikimbia

Bibi yangu alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: jina la baba yake liwe kwenye jiwe la kumbukumbu ya vita vya kivukoni. Vita hivyo vilikuwa vimesahaulika kabisa, mpaka mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu alipounda kamati na kunipa mimi, fundi wa mawe ya makaburi, kazi ya kuchonga majina.

"Mama, baba yako alikimbia," mwalimu alimwambia Bibi mle mle karakanani mwangu, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. "Jiwe hili ni la mashujaa waliofia pale."

"Alikimbia mishale ilipoisha," alijibu Bibi. "Ulitaka awarushie viatu?"

Mwalimu ni mtu wa kanuni. Hata ukimkanyaga kwa bahati mbaya atakutajia kifungu. Alikataa katakata. Bibi akaninunia mimi wiki nzima, utadhani mwenyekiti wa kamati ni patasi yangu. Iliniuma sana, maana ndiye aliyenilea.

Siku ya uzinduzi kiwanja kilifurika. Kamati ilikuwa imetenga safu ya mbele, viti vyenye vitambaa vyeupe, kwa ajili ya wazao wa mashujaa. Mwalimu akashika kipaza sauti, akawakaribisha waketi. Hakuinuka mtu. Akakaribisha tena, kwa ile sauti yake ya kuitia watoro. Watu wakabaki kutazamana, na mgeni rasmi akatazama saa.

Bibi akajikongoja hadi mbele, akakaa kiti cha katikati na kulaza mkongojo mapajani.

"Mama, hapo ni pa wazao wa..."

"Wazao gani? Wale walikuwa vijana, Mungu awarehemu, walikufa hata kuoa hawajaoa. Sisi wote hapa ni uzao wa waliotoka mbio. Wewe ulidhani umetokea wapi?"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko, halafu kila mtu akaanza kumwaza babu yake. Mwalimu alishusha kipaza sauti, akaja taratibu kuketi kando ya Bibi.

"Kwani baba yako alikimbilia wapi?"

"Angejuaje? Alikuwa anamfuata babu yako."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamvuka. Akanigeukia. "Fundi, huko chini ya jiwe kuna nafasi?"

"Ipo, Mwalimu."

"Basi waandike wote, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Ila safari hii baba yangu ndiye atangulie."