Nafasi Moja ya Mwanamke

Sisi Wameru tunaupenda mlima wetu sana, kwa mbali. Nimezaliwa kwenye kahawa na migomba, juu kidogo ya Makumira, na kila asubuhi mlima ulikuwa unatuchungulia pale unapojisikia. Lakini hadi natimiza miaka ishirini na minne sikuwahi kupita mahali migomba ya shangazi inapoishia. Kwa hiyo mwaka 1996, nilipoteuliwa kuwa mwongozaji wa kwanza mwanamke wa Mlima Meru, hakuna aliyeshangaa kuliko mimi, labda mlima wenyewe.

Nilikuwa mpiga chapa wa Nyati Mpole Safaris, ofisi ya vyumba viwili pale Ngarenaro, mjini, juu ya fundi wa kuchomelea mageti. Mkurugenzi wetu, Mzee Elinami, zamani alikuwa kiongozi wa chama cha ushirika wa kahawa. Chama kilikufa, yeye akatoka msibani akiwa na afya njema na Land Rover mbili. Ruksa ilipoingia, kila mtu akaachiwa afanye biashara, akawa mtu wa utalii. Alikuwa pia mwenyekiti wa Umoja wa Waongozaji, ambao ndio unaotoa kadi za kuongoza wageni mlimani, na juu ya hapo alikuwa mratibu wa mradi ulioitwa Mlima ni wa Wote. Akiwa na ombi, aliniambia nilipige chapa, akalisaini kama mkurugenzi, akalipokea kama mratibu, na wiki iliyofuata akajijibu kama mwenyekiti. Hakuwahi kujinyima kitu.

Fedha za mradi zilitoka kwa chama cha wapanda milima cha Ulaya. Walikuwa wamegundua kwamba milimani kuna wanaume wengi mno, jambo ambalo wanawake wa huku tulikuwa tumeliona bila mfadhili. Sharti lao lilikuwa dogo: Umoja utenge nafasi kwa ajili ya wanawake. Wanachama kumi na mmoja, wote wenye ndevu, walijadili mchana kutwa, na mmoja akauliza kama moja haitakuwa nyingi kwa kuanzia. Ikapita moja.

Mwanamke wa kuijaza alikuwepo. Aliitwa Swabaha, mtoto wa fundi cherehani wa hapo hapo Ngarenaro, babu zake watu wa Kondoa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na minne kati ya hiyo alikuwa mpagazi: anabeba kilo ishirini za wageni mpaka kibanda cha pili, malazi ya mwisho kabla ya kilele, anachota maji, anapika, anashuka. Kupata kadi ya kuongoza ilitakiwa ufike kileleni mara tatu, na wapagazi huishia kibandani. Usipofika kileleni hupati kadi, na usipokuwa na kadi hupelekwi kileleni. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa na akili nyingi. Ila Mzee Naftali, mwongozaji wetu mkuu, mtu wa kwaya na maneno machache, alikuwa amemchukua Swabaha kama msaidizi mara mbili na kumfikisha juu. Alibakiza moja tu.

Elinami alinieleza kwa upole kwa nini Swabaha hafai. Kwanza, hajui Kiingereza. Pili, anabeba mizigo, na mfadhili akiona mwanamke amebeba mzigo atasikitika. Tatu, mtandio wake utachanganya picha. Mimi nilikuwa na cheti cha uhazili, Kiingereza cha kutosha kujibu faksi, na meno mazuri. Sitasema nililazimishwa. Nilinunuliwa koti jekundu la mtumba na buti za Kiitaliano zilizowahi kuvaliwa na Mwitaliano, nikapigwa picha nikinyooshea kidole mahali fulani, na nilijipenda sana.

Mwezi wa nane akaja mjumbe wa wafadhili, Bi Margrethe, mama wa miaka sitini aliyekuwa anapanda kama mbuzi wa Oldonyo Sambu. Alitaka kuongozwa kileleni na mwanamke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukaondoka: Bi Margrethe, mimi mbele na fimbo, Mzee Naftali nyuma yangu akininong'oneza njia, askari wa hifadhi na bunduki yake kwa ajili ya nyati, na Swabaha na begi langu kichwani. Ndani ya begi hilo kulikuwa na pea tatu za viatu, mafuta ya nywele na kitabu cha nyimbo. Hakuniuliza pea ya tatu ni ya nini.

Naftali alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atavuka tena kibanda cha pili. Kwa hiyo kwangu ilikuwa picha, kwake ilikuwa mara ya tatu. Nilijua hilo tangu getini.

Kilele cha Meru kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Huku chini Ujamaa tulikuwa tumeshauuza, viwanda na vyote, ukabaki kule juu tu, mita elfu nne na mia tano na kitu, ambako hakuna mnunuzi anayefika bila kutapika. Mimi sikuufikia. Tuliondoka kibandani alfajiri, kwa sababu Bi Margrethe alitaka mwanga wa picha, na tulipofika mahali panapoitwa Rhino Point, sijui faru gani aliwahi kufika huko, kichwa changu kilikuwa kinapasuka. Nilitapika chai, halafu uji, halafu vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Nikamwambia Naftali kwamba naona miamba miwili miwili. Miguu ikakataa, nikakaa chini.

Bi Margrethe alikuwa mzima kabisa na alitaka kuendelea. Askari hakuruhusiwa kumwacha mgeni. Naftali ndiye aliyekuwa na kadi. Wote watatu wakamwangalia Swabaha, na Swabaha akaangalia juu. Kilele kilikuwa wazi, bila wingu hata moja, siku ambayo kilikuwa na haki zote za kujificha. Aliangalia kwa muda mfupi tu. Kisha akafungua mtandio wake wa nje, akanifunga nao mgongoni kama mtoto, mtu mzima wa kilo sitini na tano, akashuka nami mpaka kibandani. Njiani buti moja ya Mwitaliano ilinivuka. Aliniweka chini, akairudia, akanivisha, akanibeba tena.

Ripoti niliipiga chapa mwenyewe, Elinami akisema, mimi nikiandika. Ilisema kwamba mwongozaji Brenda, ndiye mimi, aliongoza msafara kwa ujasiri na kwamba, kutokana na majukumu ya kiusimamizi, alielekeza sehemu ya mwisho kutoka chini kidogo ya kilele. Mpagazi hakutajwa. Umoja ukanipa kadi, na zile mara tatu hakuna aliyeziuliza. Bi Margrethe, aliyeona yote kwa macho yake, hakusahihisha neno, akaleta habari kwamba nimealikwa Ulaya mwezi wa kumi, kuzungumza kwenye mkutano kwa niaba ya wanawake wa mlimani. Nikaenda kuomba pasi ya kusafiria.

Wiki hiyo Swabaha alikuja ofisini kuomba barua ya kuthibitisha zile mara mbili. Elinami alimjibu bila kuinua macho kwamba haina haja, nafasi imejaa.

"Tuna mwanamke tayari," alisema.

Swabaha akageuka kunitazama mimi, mwanamke wao. Nilitamani anitukane. Yeye akasema, "Kichwa kimepona, mdogo wangu?" Nikasema kimepona, dada. Akasema alhamdulillahi, akatoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na usingizi ukanikimbia siku tatu mfululizo.

Basi nikaamua kuwa mwema. Jihadharini na mtu aliyelala vibaya siku tatu akaamka na uamuzi. Kulikuwa na hafla ya kumuaga Bi Margrethe, kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, na mada ya hotuba ilikuwa ustawi wa wapagazi. Mpagazi hakualikwa hata mmoja, viti vilitosha wageni tu. Nilipopewa dakika zangu mbili nilisimama nikasema yote kwa Kiingereza: kwamba sikufika, kwamba nilibebwa, kwamba aliyenibeba anaitwa Swabaha, na kwamba nafasi ni yake, kadi hii hapa. Nikaiweka juu ya kitambaa cheupe. Machozi yalikuja kwa wakati. Nikirudi kukaa, nilijiona mtu mkubwa sana.

Bi Margrethe alilia. Alinikumbatia, akasema hajawahi kusikia ukweli mzuri namna hiyo, na kwamba huko Ulaya lazima nikautoe tena hivyo hivyo, kwa machozi hayo hayo. Nikamwambia amwalike Swabaha. Akauliza kama Swabaha anajua Kiingereza.

Elinami hakuweza kunifukuza kazi, nilikuwa nimeshapendwa. Alifanya kitu kingine. Jumamosi Umoja ulikaa, na Jumatatu nikawekewa muhtasari mezani niupige chapa. Azimio la kwanza: kwa kuwa Umoja umejaribu mwanamke na mwanamke huyo ameshindwa kwa kukiri mwenyewe, nafasi ya mwanamke inasitishwa hadi utafiti ufanyike. Azimio la pili: kuanzia sasa mpagazi yeyote hatavuka kibanda cha pili kwa sababu yoyote. Niliyapiga chapa yote mawili, na nakala tatu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa kina Swabaha. Nilimkuta uani, anatoboa turubai la hema kwa sindano kubwa na kulishona. Nilimpa habari za maazimio yote mawili, kisha nikamweleza jinsi nilivyomtetea. Nilieleza kwa urefu, sehemu ya kadi na kitambaa cheupe niliirudia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akishona.

"Nani alikutuma?" akauliza.

Nikasema hakuna, nilitumwa na dhamiri. Akaniambia kwamba dhamiri yangu ingepita kwake kwanza, nyumba si mbali. Kisha akanieleza walichopanga yeye na Mzee Naftali. Mimi ningebaki na kadi yangu. Mwongozaji asiyeweza kupanda anahitaji msaidizi anayeweza, na kila mgeni ambaye angetaka kuongozwa na mwanamke angemlazimu Swabaha kuvuka kibanda. Mwezi wa tisa angetimiza mara ya tatu. Angeomba kadi ya kawaida, ile ya watu wote, siyo ya mwanamke. Nafasi moja ya mwanamke hakuwahi kuitaka. Alisema kiti cha peke yako ni cha kuangaliwa, siyo cha kukalia.

"Wewe ulikuwa njia yangu, Brenda. Umeifunga."

Elinami alizungumza kwa niaba yake, Bi Margrethe alizungumza kwa niaba yake, na mimi, niliyebebwa mgongoni kwake nikisikia anavyohema, nikazungumza kwa niaba yake kuliko wote, tena kwa Kiingereza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakusema kwamba wakati mwingine ni sisi tuliosahau kumwita. Nililia pale uani, na hakunibembeleza. Nilipomaliza nikauliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anataka nifanye nini.

Akaweka sindano chini. Akauliza kama ile mashine ya chapa inaweza kutumika baada ya saa za kazi. Nikasema funguo ninazo.

Tulikaa ofisini jioni hiyo, fundi wa mageti bado anagonga chini yetu. Swabaha alisimama dirishani, mimi nikaingiza karatasi. Nikaandika anwani, tarehe, na "Yah: Maombi ya Kadi ya Mwongozaji". Vidole vyangu vikaanza vyenyewe: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Sijasema hivyo," alisema.

Nikatoa karatasi, nikaweka nyingine. Akaanza kusema taratibu. Kwamba yeye ni Swabaha, mpagazi. Kwamba amefika kileleni mara mbili, shahidi Mzee Naftali. Kwamba mara ya tatu alitoka Rhino Point saa mbili asubuhi akiwa na mgonjwa mgongoni, akamfikisha kibandani mzima saa nne kasoro. Kwamba anaomba kushuka huko kuhesabiwe kuwa ni mara ya tatu, kwa sababu kupanda kila mwenye miguu anaweza, na mwongozaji hulipwa ili watu warudi. Kwamba aliyebebwa atasaini hapa chini kwamba ni kweli. Wanaume kumi na mmoja wangeisoma Jumamosi, na nakala ingekwenda Ulaya, kwa Kiswahili. Atakayetaka kuielewa atafute mkalimani, alisema, sisi tumetafuta vya kutosha.

Kisha akafika kwangu. Kwamba mgonjwa alitapika mara sita. Nikaandika. Kwamba alisahau jina la Mzee Naftali, akamwita baba. Nikaandika. Kwamba njia nzima alikuwa akilia na kumwita mama yake, na akamng'ata mbebaji begani. Hilo la bega sikulijua. Nilisimamisha vidole. Nikapendekeza, kwa sauti ndogo, kwamba kiofisi tungeweza kusema mgonjwa alikuwa amedhoofika.

"Ulikuwa unalia," alisema Swabaha. "Na uliniuma."

Nikaandika alikuwa akilia. Nikaandika aliniuma. Nikatoa karatasi kwenye mashine na kusaini chini yake, jina langu lote, na ukoo.