Meno ya Emali

Kitu cha kwanza Nzilani alichokiona ni viganja. Wasichana wa Emali waliokuwa kwenye foleni walipocheka, walifunika midomo. Wale waliotoka Migwani walicheka wazi, meno yao yakipigwa na jua.

Hoteli mpya ya kando ya barabara ya Mombasa ilikuwa ikitafuta wasichana wa kuhudumu mezani. Tangazo lilisomwa kanisani: masomo si lazima, muhimu ni usafi na bidii. Nzilani, aliyeachia shule darasa la tano, alilisikiliza kama limeandikwa kwa ajili yake. Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, na kwao debe lilikuwa limeanza kukwaruzwa. Hapa mhudumu angekula mchana, na mwisho wa mwezi apeleke kitu nyumbani.

"Simama wima," jirani yake Kalunde alimnong'oneza. "Umesahau soko la mbuzi? Aliyejikunja hanunuliwi."

"Mbuzi hufunguliwa mdomo pia."

"Basi sisi tumekwisha." Wakacheka wote wawili ndani ya viganja.

Aliyewapima ni Mzee Wahome, mpishi, ambaye alikuwa amehudumu mezani tangu enzi za wazungu. Alijaza vikombe chai hadi ukingoni, akavipanga kwenye sinia, akawaambia watoke jikoni wapande ngazi hadi varanda. Msichana mmoja wa Migwani alimwaga karibu yote. Kalunde alimwaga nusu, akasema nyingine imenywewa na upepo. Nzilani alipanda ngazi akitazama mbele kama mtu anayepita mbele ya mkwe.

Mzee Wahome aliinua kila kikombe, akapitisha kidole kwenye sosa. Zote zilikuwa kavu.

"Nani alikufundisha kutoangalia vikombe?"

"Hakuna, mzee. Nikiviangalia vinatetemeka." Alijibu mkono ukiwa mdomoni.

"Mama, huyu ndiye wa kwanza," Wahome alimwambia Bi Waithera, meneja, aliyekuwa ameketi varandani na binti yake mdogo mapajani.

Foleni yote iligeuka kumtazama. Nzilani hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Vizuri sana," alisema Bi Waithera. "Sasa toa mkono mdomoni. Mgeni anakaribishwa kwa tabasamu. Hebu cheka kidogo."

Nzilani alishusha mkono. Akacheka.

Bi Waithera alitazama, kisha akageuza uso upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani.

"Unavuta sigara?"

"Hapana, mama."

"Tumbaku, basi? Ama hupigi mswaki? Msichana mzuri hivi."

Nzilani alifikiria makaa aliyosugulia meno, na majivu, na mchanga wa mtoni, hadi ufizi ukatoka damu.

"Nitapiga, mama," akasema.

"Mama, hakumwaga hata tone," alisema Mzee Wahome.

"Nimeona, mzee. Lakini mgeni haangalii sosa, anaangalia uso. Niitie yule wa Migwani. Kubeba sinia atafundishwa."

Nzilani alishuka zile ngazi akihisi nazo zimemwona. Kalunde alimngoja langoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

Karibu na lango kulikuwa na bomba. Maji yake yalitoka kwenye kisima cha serikali, kilichochimbwa Nzilani akiwa bado anabebwa mgongoni. Siku kilipofunguliwa mama yake alicheza hadi kanga ikafunguka. Mama huyo alikua akinywa maji ya kuchimba mchangani mtoni, na hadi leo meno yake ni meupe. Watoto wote waliokua wakinywa maji ya kisima walikuwa na meno ya rangi ya chai. Wazee walipomuuliza afisa wa maji, aliwaambia washukuru kwamba wana maji.

Bi Waithera alikuja nyuma yao na binti yake. Alikinga kikombe bombani, akampa. Mtoto alikishika kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, akacheka. Meno yake yalikuwa madogo, meupe kama punje za mchele.

"Tazama anavyoyapenda," Bi Waithera alimwambia askari wa lango. "Tukihamia hapa sitapata shida naye."

"Twende," Kalunde alisema, akimvuta Nzilani mkono.

Nzilani alirudi hadi bombani. Mkono wake ulianza kupanda kuelekea mdomoni, akauteremsha.

"Mama, mimi napiga mswaki kila siku. Meno yangu ya utoto yalikuwa meupe kama ya huyu. Haya ndiyo maji niliyokunywa."