Kwaya ya Mama Dancille Juu ya Daraja la Kamba

Mama Dancille alikuwa amefundisha kwaya ya Burungu kwa miaka mingi, na fahari yake ilikuwa moja: watu wake walipumua pamoja, waliimba pamoja, hata miguu yao ilikanyaga pamoja, si kama kwaya ya Kirotshe, ambako kila mtu huimba lake. Siku walipokwenda kutembea kwenye parki moja ya wanyama kule Walikale, kuona maporomoko ya mto unaopita chini kabisa kati ya kuta mbili za mawe, hakuwaza kama umoja huo ungemletea matata.

Ili kufika kwenye maporomoko, ilibidi kuvuka daraja la kamba. Dancille alichungulia chini, akarudi nyuma hatua mbili. Hakutaka wanakwaya wamwone, basi akaanzisha wimbo, akafumba jicho moja, akatangulia. Wote wakamfuata, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Daraja likaanza kuyumba. Hofu ikawazidi, wakaimba kwa nguvu zaidi. Na walivyozidi kuimba, ndivyo lilivyozidi kuyumba. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kichwani mwa Solange ilianza kumwaga mchuzi. Papa Byukusenge, mwenye sauti nzito kuliko wote, alikumbatia kamba lakini wimbo hakuuacha.

Élie, kijana wa parki anayeongoza wageni, aliwaita kutoka ng'ambo.

"Mama, munaimba muzuri sana, njo maana daraja inacheza. Kila muntu akanyage ya kwake."

Dancille akawaambia wanyamaze. Wakanyamaza, ila miguu ikaendelea na mdundo ule ule, maana ndivyo alivyowazoesha.

"Kila muntu aimbe wimbo yake," akasema. "Na muimbe vibaya."

Estelle akashika wimbo wa harusi, Byukusenge wa mazishi, Solange tangazo la sabuni la redioni. Ndege wakahama miti. Lakini miguu ilipotezana, daraja likatulia, wakavuka mmoja mmoja wakijikwaa.

Ng'ambo, Dancille aliketi juu ya jiwe. Kilichomuuma ni kwamba watu wake walikuwa wanacheka kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona Jumapili hata moja. Byukusenge bado alikuwa mazishini. Ikabidi wamtulize kwa mkate.

Élie akaja na simu yake. Alikuwa amewachukua video, akauliza kwa heshima ni kwaya ya wapi, ili aandike jina.

Dancille alimtazama bila kupepesa macho.

"Tuko batu ba Kirotshe," akasema.