Kitako cha Marit

"Hii hapa ndiyo yangu," msichana alisema, akaiinua ile bunduki fupi kwa mkono mmoja kama mtu anayechagua mwavuli.

Haugen hakuinua macho. Alikuwa ameinamia jiliwa, anapiga tupa kipande cha chuma ambacho kilishalainika tangu asubuhi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitengeneza bunduki katika duka lile la mbao kwenye njia ya mtoni, na wateja aliwasoma tangu wanaposhika kitasa cha mlango. Huyu alikuwa na buti ambazo bado hazijaona tope. Alijitambulisha kwa jina la Dani Prewitt, mtu wa Ohio. Kesho saa mbili asubuhi ndege inayotua majini ingempeleka juu kwenye Kijito cha Tarn, akae huko majira yote ya kiangazi kwenye uzio wa kuhesabia samoni wanaopanda kutaga mayai.

Alipotaja Kijito cha Tarn ndipo tupa ilipomteleza Haugen ikamchuna kidole. Kazi ile ilikuwa ya binti yake, Marit.

"Mzee, si nyepesi lakini? Nikiivaa mgongoni wala siisikii. Tena hainasi vichakani."

"Ni nyepesi."

"Sasa mbona unanuna?"

"Uso wangu ndivyo ulivyo," Haugen alisema.

Asikudanganye mtu, bunduki za marisau za mshiko wa bastola zinapendeza. Hazina kitako, ule mti wa kuegemeza begani; nyuma ya kifyatulio kuna kishikio cha kiganja, basi. Bunduki hiyo inaingia chini ya kiti cha boti. Unalala nayo hemani. Inakaa mgongoni huku mikono yako yote miwili iko kwenye maji ya barafu, unang'oa matawi yaliyokwama kwenye uzio. Ile ndefu wengi wetu huiegemeza kwenye mti, tukaenda kufanya kazi hatua ishirini mbali nayo, na dubu hana subira ya hatua ishirini. Hoja hiyo si ya kijinga. Marit aliisema yote miaka sita iliyopita, hapo hapo kwenye meza, akiwa amekalia ndoo.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Lorna, mkewe, na birika la kahawa. Lorna ndiye aliyeuza risasi na leseni, na ndiye aliyekuwa na maneno kwa niaba ya wote wawili. Zamani waliitana Mama na Baba, kama wazazi wengi wa huku. Miaka sita sasa walikuwa wamerudia majina yao.

"Umeipenda hiyo?" alimuuliza msichana.

"Sana, mama."

"Wote wanaipenda. Mwanamume mmoja alikuja kunishika mkono kwa furaha, kesho yake akarudi na meno mawili mfukoni. Aliiweka usoni apate kulenga, ikamrudi mdomoni." Akammiminia kahawa, akamgeukia mumewe. "Verne, mpeleke kwenye tairi."

Huku kwetu mtu habebi bunduki ya dubu kabla ya kuviringishiwa tairi. Nyuma ya duka kuna mteremko wa kokoto, na juu yake kuna tuta la udongo. Lorna husimama nyuma ya tuta na tairi la lori lenye sahani ya karatasi katikati, akalisukuma, na tairi likaja likirukaruka jinsi dubu anavyokuja. Unazo sekunde tatu, labda nne. Ukiipiga sahani kabla tairi halijafika kwenye mti wa alama, nenda zako na Mungu akulinde. Usipoipiga, unarudi kesho. Lorna hajamwonea mtu haya, hata mchungaji alirudishwa mara mbili.

Marit alilipiga tairi lile akiwa na miaka kumi na sita, kwa bunduki yenye kitako cha mti wa jozi alichochongewa na baba yake kwa urefu wa mkono wake. Mama yake aliandika M kwenye kitako hicho kwa msumari wa moto. Lakini Juni ile ya mwisho Marit alitaka bunduki iwe fupi. Lorna alikuwa Anchorage kwa dada yake. Watu walijaa dukani, msimu unaanza, na Haugen akakifungua kitako, akaweka kishikio. Ilimchukua dakika kumi. "Twende kwenye tairi," alimwambia. Marit akacheka. "Baba, tairi lile nalijua tangu natambaa." Haugen akamwacha aende.

Huko Kijito cha Tarn Marit alipiga risasi mbili, alisema mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya kijito. Zote zilipita juu ya dubu.

Polisi waliirudisha bunduki dukani ikiwa ndani ya mfuko. Haugen akatia sahihi, akaikatakata kwa moto wa gesi siku hiyo hiyo, na jioni akamwambia mkewe kwamba dubu alikuwa karibu mno, hakuna bunduki ambayo ingesaidia. Lorna alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Ndilo lililomwezesha kulala.

"Tayari," Dani alipaza sauti chini ya mteremko, miguu imepanuliwa, bunduki fupi kiunoni.

Tairi likaja. Risasi ya kwanza ilitifua kokoto kushoto. Ya pili haikujulikana ilikokwenda, na tairi likampita msichana likaanguka kwenye majani. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu aliiweka bunduki kwapani, akakaa akikunjakunja kifundo cha mkono na kucheka, machozi ya maumivu machoni.

"Sahani mmeiroga," alisema.

"Hujui mtutu unatazama wapi," Haugen alisema. "Bega halijui, shavu halijui. Unaona bunduki inakwenda kule unakotaka wewe, kumbe inakwenda kwake."

"Basi niwekee kitako."

Akaweka. Vitako vyote vya dukani vilikuwa vya wanaume warefu. Msichana alijinyoosha, lakini kidole kikashindwa kufika vizuri kwenye kifyatulio. Cha saizi yake kingekuja baada ya wiki mbili. Ndege ilikuwa kesho.

"Nitaenda na hii fupi," Dani alisema. "Nitazoea. Si bora kuliko mikono mitupu?"

Haugen alimtazama. Alikuwa na shingo nyembamba iliyochomwa na jua, na alikuwa akisema maneno yale yale ya Marit kwa furaha ile ile. Juu ya tuta Lorna alikuwa akibandika sahani nyingine, hana habari. Haugen aliona kwamba anaweza kunyamaza tena. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza, na roho ilimuuma kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Akaingia dukani. Chini ya meza, nyuma ya makopo ya mafuta, kulikuwa na fulana kuukuu iliyofungwa kamba. Alilifungua fundo kwa meno. Kisha akatoka na bisibisi ndefu, akapiga goti kwenye kokoto, akakifunga kitako cha mti wa jozi kwenye bunduki ya msichana. Kiliingia bila kusumbua.

Dani aliiweka begani. Kidole kilifika, shavu likalala.

"Hii mbona kama imepimwa kwangu," alisema. "Ya nani?"

Lorna alikuwa ameteremka kuona kinachochelewesha. Alisimama hatua mbili kutoka kwao, anapangusa mikono kwenye suruali, na mikono ikaacha kupangusa.

"Nipe niione," alisema.

Akapitisha kidole gumba juu ya ile M. Alipitisha tena.

"Hiki kilikuwa kwenye bunduki yake."

"Hapana," Haugen alisema. Alikuwa bado amepiga goti. "Nilikitoa. Aliniomba iwe fupi, nikakitoa. Ulikuwa kwa dada yako."

Lorna aliifunika ile M kwa kiganja. Haugen alitamani apigwe.

"Na tairi?"

"Sikumviringishia. Alisema analijua."

Msichana alikuwa bado amevaa viziba masikio, anawatazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu limemkauka. Lorna alimrudishia bunduki. Akaisimamisha mwenyewe kwenye bega la msichana, akamwinamisha kichwa kwa kiganja, polepole, mpaka shavu likagusa mti.

"Hapa," alisema kwa sauti kubwa ili asikike. "Shavu lako likae hapa. Usiliinue hata ukiogopa. Ukiogopa ndiyo usiliinue."

Akaliinua tairi, akaanza kulisukuma kupanda mteremko. Lilikuwa zito, na kokoto zilimteleza miguuni.

"Mama," Haugen aliita, akaanza kunyanyuka.

"Kaa huko huko."

Walimwangalia akipanda. Alisimama mara moja kupumua, akaendelea, akafika nyuma ya tuta, akabaki anaonekana kichwa na mabega. Dani akakoki bunduki.

"Tayari!"

Tairi halikuja. Lorna alikuwa ameliinamia, paji la uso juu ya mpira, mikono imelikumbatia. Upepo wa mtoni ulikuwa ukichezea ukingo wa ile sahani ya karatasi.

"Tayari, mama," msichana alisema tena, chini chini, na shavu hakuliinua.