Mayai Yaliyooshwa

Chumba cha wadudu kiling'aa kama sahani. Msichana aliyekitunza, wenzake walimwita Bibi Usafi kwa kumtania, naye jina lilimkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa kulea kunguni wa shambani, wale wa kijani wanaofyonza maganda ya maharage, ili mtafiti waliyemwita Miwani apate wa kuchunguza. Maharage yaliletwa na mjomba wa Bibi Usafi, aliyemlea na kumtafutia kazi hiyo hiyo.

Sasa vitoto vilikuwa vinakufa. Vilianguliwa vizuri, vikazungukazunguka juu ya mayai matupu kama vimepoteza kitu, kisha vikanyong'onyea.

"Ni sumu," alisema Miwani. "Jana nimempigia mjomba wako, nimemwambia asilete tena maharage."

"Mjomba hapulizi dawa, dada."

"Basi jirani yake anapuliza. Kwani upepo una ukuta?"

Bibi Usafi alichukua jani lenye mayai mapya, akalipeleka kwenye bakuli lake la maji yenye dawa ya kuua vijidudu.

"We! Unafanya nini?"

"Naosha. Mama zao wanayapaka uchafu wa kahawia. Nayasafisha tangu ukungu ulipoingia humu na kuharibu mayai."

Miwani alivuta kiti, akakaa. "Mdogo wangu, ule si uchafu. Ni bakteria. Mama anawaachia watoto, wakitoka tu wanalamba. Utomvu wa maharage haujitoshelezi. Mwili unajengwa kwa vipande vidogo mno, na vingine humo havimo. Bakteria tumboni wanaanza kuvitengeneza, mdudu anavimalizia. Huyu hana kifaa cha mwanzo, yule hana cha mwisho. Ukiwatenganisha, wote kwisha."

Kumbe vilikufa njaa, mdomo ukiwa kwenye chakula. Mikono yake safi ilimchukiza.

"Ni mimi, dada. Mjomba hana kosa."

"Na mimi sikuuliza," alisema Miwani, tayari ana simu sikioni, anampigia mjomba. Iliita mpaka ikakata.

Bibi Usafi hakusubiri. Alimkuta mjomba bustanini, ameinama, anang'oa mashina, jasho linamtiririka. Mstari baada ya mstari, maharage yamelala chini na maua yake.

"Mjomba, acha!"

"Niache nimalize. Nimewaulia wadudu wenu, mama. Nilimwazima jirani bomba la kupulizia dawa, likarudi, nikamwagilia maharage kwa hilo hilo bila kuliosha. Sikulala kwa kuwaza. Nimekuaibisha kazini."

"Hukuua kitu. Ni mimi. Niliosha mayai."

Alimweleza yote. Mjomba alilitazama shina mkononi mwake, maganda yakining'inia.

"Kwa hiyo yalitaka kubaki machafu," alisema.

Bibi Usafi alipiga magoti. Akachimba kwa vidole, akarudisha shina moja ardhini, akalishindilia udongo, akashika la pili. Mizizi ilikuwa imeshakauka kwa jua. Alijua hayatashika. Mjomba naye alijua. Akaokota ndoo, akaenda kuchota maji.