Chumvi Upande wa Kibwana

"Kwa hiyo wataka kusema mwanangu hana ulimi?" aliuliza Bi Mwanaima kutoka upande wake wa ua wa makuti.

"Ulimi anao, mwenzangu. Nasema alionja mchuzi wangu wa papa, akasema chumvi imefika, na jana tumefuturu kama tunatafuna magome." Mbodze alikuwa bado ameshika mwiko. "Nikatia konzi nzima. Nikatia nyingine. Haikukaa."

"Papa mkavu huja na chumvi yake tangu kwa muuzaji."

"Hata mimi nilijua hivyo."

Mwanasha, binti mwenyewe anayesemwa, alikuwa ndani akisikia kila neno, naye hakutoka.

Ilikuwa Ramadhani ya masika, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, hata lori la Likoni lilisimamishwa njiani watu wakaulizwa vipande vyao vya utambulisho, na pale Gazi watu walikuwa wamezoea kutazamana. Wanawake walitazamana zaidi. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, na kwa kuwa waliofunga hawapendi kujitia mashakani, yeye ndiye huitwa alasiri kuonja chumvi nyumba hadi nyumba. Hakuna anayeuliza kitu. Wanajua tu nani ameonja na nani bado. Mwaka ule Mwanasha alifunga, akafunga, wenzake wote wakapokezana kuonja, na yeye hakuitwa.

Mwanasha alikuwa ameachwa na mumewe. Kabla mwezi haujaandama, Kibwana, mnunuzi wa mbata ambaye mkewe yuko Waa, alikuwa akipita uani kwake na kuahidi kwenda Msambweni kumposa kwa kaka yake, Suleiman. Baada ya mwezi kuandama hakupita tena.

Basi Mwanasha akawa mtu wa kujikagua. Akiamka, chooni kutazama nguo. Akitoka kisimani, chooni tena. Akikuna nazi husimama katikati aguse tumbo, aone kama ni lile la jana. Akisikia harufu ya samaki ikamchukiza, hujiuliza; isipomchukiza, hujiuliza pia. Siku moja alimwuliza Mbodze kama joto laweza kumchelewesha mwanamke, maana ana rafiki yake wa Msambweni amechelewa.

"Laweza," alisema Mbodze. "Na huyo rafiki yako, mwaka huu anaonja chumvi kwa nani?"

Kesho yake alasiri Mwanasha alijifunga leso, akasema yuko katika siku zake, akaonja sufuria zote za mtaa ule. Na kuanzia jioni hiyo chumvi ikaondoka. Watu walichota maji ya bahari wakapikia, muhogo ukatoka umepooza. Mzee mmoja alilamba jasho la mkono wake mwenyewe, akasema hata humo haimo.

Wanaume hufuturu pamoja barazani, kila nyumba ikileta sinia lake. Jioni ya pili Kibwana alikula, akajipangusa midomo, akasema, "Mpishi wa leo apewe mkono. Chumvi imefika." Salimu, mume wa Mbodze, akapeleka mkono upande wa Kibwana wa sinia, akaonja. Kweli ilikuwapo. Palipopita vidole vya Kibwana palikolea, kwingineko hapana. Wanaume walitazamana, kisha wote wakasogea wakala upande wake.

Kabla ya tarawehe wanawake walikuwa nayo habari, na nani aliyepita ua wa nani hakukuhitaji kuulizwa.

Mwanasha akadhani sasa Kibwana atawekwa kitako aulizwe ahadi yake. Kibwana akawekwa kitako kweli, kwa Salimu, kisha nyumba ya pili, kisha ya tatu, kwenye mkeka mzuri, mbele ya sufuria. Akawa mgeni wa kugombewa.

Mwanasha alimfuata penye mizani yake ya mbata.

"Umekwenda kwa kaka?"

"Tumo katika mwezi mtukufu, Mwanasha. Mambo hayo ni ya baada ya Idi."

"Na tumbo je, litangoja Idi?"

"Tumbo lipi?" Kibwana aliendelea kupanga mbata. "Si uliwaambia mwenyewe uko katika siku zako? Mtaa mzima ni shahidi."

Mwanasha alirudi nyumbani. Mamake akamtuma mtu Msambweni amwite Suleiman.

Asubuhi ya siku ambayo Suleiman alitarajiwa, mvua ikinyesha, damu ikaja. Mwanasha alikaa chooni akiitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Alasiri akaenda kwa Mbodze, uso umemfunguka.

"Leo naja kuonja, dada. Leo ni kweli."

Mbodze alifunika sufuria. "Mara ya pili katika mwezi mmoja," alisema taratibu. "Umekunywa mizizi ya nani, Mwanasha?"

Habari hiyo nayo ikafika kila nyumba kabla ya adhana.

Suleiman alikuja na bakora yake. Bi Mwanaima alimweleza yote, la ahadi, la chumvi, la mizizi isiyokuwapo. Suleiman, ambaye mbata za minazi yake yote humwuzia Kibwana, alisikiliza akitikisa kichwa. Adhana ilipolia alimega muhogo wa nazi, akatafuna, akasita. Akamega tena, chumvi hamna. Akanawa mkono, akachukua bakora, akatoka bila kuvaa viatu.

"Mwache aende," alisema Bi Mwanaima kwa sauti ya chini. "Kaka yako si mtu wa kuchezewa."

Mwanasha alisimama nyuma ya pazia. Alisikia kaka yake akibisha kwa Kibwana, akasikia wakizungumza, hakusikia maneno. Kisha nyayo za watu wawili zikaja juu ya mchanga wenye maji, na bakora ikaegemezwa ukutani.

"Mwanasha, ongeza sahani," Suleiman aliita, akishikilia mlango. "Pita, Bwana Kibwana, pita. Ingia ndani ule nasi."